Diski ya Pili Iko Beni

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, diski kuu ya hifadhi yetu ilianza kugonga, kisha ikanyamaza. Ndani yake zilikuwamo mémoires, yaani kazi za kumaliza masomo, za wanafunzi wa chuo chetu cha Butembo. Nakala nyingi za karatasi zilikwisha kuliwa na unyevu. Kama diski isingefunguka, utafiti wetu juu ya viazi, kahawa na maji ya kunywa ungebaki vichwani mwa waliouandika.

Katibu mkuu wa chuo aliniuliza kama kuna tumaini. Alikwisha kupata fundi wa Kampala anayefungua diski zilizokufa, akataka kumtumia malipo palepale. Nikamwomba asubiri hadi jioni.

Utunzaji wa mashine za hifadhi nilijifunza mwenyewe, lakini kanuni yangu kubwa niliipata kwa wafanyabiashara. Kwetu mtu hapakii mali yote kwenye lori moja. Maharagwe ya tajiri mmoja hutoka Kirumba kwa malori mawili au matatu, kila moja siku yake. Kwa hiyo, kila mwisho wa mwezi, diski ya pili, yenye nakala ya kazi zote, ilisafiri hadi mji jirani wa Beni, kwa mama anayetunza maktaba ya chuo rafiki, na ile aliyokuwa nayo ikarudi kwangu. Wenzangu ofisini waliniita papa, yaani baba, wa malori mawili, wakauliza maharagwe yanauzwa bei gani.

Nilimpigia simu yule mama, nikamweleza yaliyotokea. Sikumficha hofu yangu: diski inayokaa kabatini nayo hufa.

"Papa, nani alikuambia iko mu kabati?" akasema. "Batoto ba huku banaisoma kila siku. Mémoire yenye haifunguke, banakuja kunigombeza mbele ya saa ine ya asubuhi. Donc hapana kuogopa. Naituma na bisi ya saa sita."

Basi liliileta kabla ya jua kuzama. Kazi zote za hadi mwisho wa mwezi uliopita zilifunguka.

Zilikosekana za majuma ya karibuni tu. Nikashuka mtaani Kimemi, kwenye vibanda vya sekretaria ambako wanafunzi huchapisha kazi zao. Wachapaji wa pale hawafuti faili mpaka mteja atetee kazi yake, kwa kuwa masahihisho hayaishi. Walizitoa zote.

"Ya bure hapana, papa," mmoja akaniambia. "Lete Fanta."

Nikakinunulia kibanda kizima Fanta.

Kesho yake mwanafunzi mmoja alinipigia kutoka Kalunguta: alikuwa akisoma kwenye simu yake kazi ya hifadhi yetu juu ya ugonjwa wa viazi, shambani kwa baba yake. Hakujua kwamba hifadhi ilikuwa imekufa. Nilifurahi kwamba hakujua.

Fundi wa Kampala alikuwa ametaka dola elfu moja na mia nane. Usafiri na Fanta vilikula dola kumi na nne. Chuo kiliokoa dola elfu moja mia saba themanini na sita.