Tangazo la Kifo cha Bi Mchina

Wilfred Asau hakuwahi kuiona China. Alizaliwa Trinidad, nyuma ya duka la baba yake, mwenye asili ya huko, kwenye njia panda ya mashamba ya miwa, akabatizwa Mkatoliki kama jirani zake. Hata hivyo kila aliyekuja kununua samaki wa chumvi alimwita Mchina, hata waliosoma naye darasa moja.

Ujanani alicheza kriketi. Alirusha mpira kwa mkono wa kushoto, ukidunda unakata upande asioutarajia mpigaji. Mpira huo nao ukaitwa Mchina. Ulimwengu hauna haya: mume akimhadaa mkewe, watu walisema kampiga Mchina, yaani kamrushia mpira ule wa hila. Wilfred alicheka nao miaka arobaini, na miaka yote hiyo jina hilo lilimchoma.

Eulalie, mkewe, ndiye pekee aliyemwita Wilfred. Yeye mwenyewe kwa watu alikuwa Bi Mchina tu.

Eulalie akafia hospitali ya mjini. Wilfred akapeleka tangazo redioni kabla ya kurudi nyumbani.

“Alijulikana zaidi kama nani, mzee?” karani akauliza. “Jina la utani huwa tunalisoma pia.”

“Eulalie Asau, mke wa Wilfred Asau. Basi.”

“Watu watamjua kweli?”

“Ndiyo majina yetu, mwanangu.”

Mchana tangazo likasomwa. Wilfred alilisikia jina lake redioni kwa mara ya kwanza, akalia. Jioni akachemsha birika kubwa la kahawa, akapanga biskuti na mabenchi ya matanga. Hakuja mtu. Alikaa peke yake mpaka kahawa ikapoa, akiwaza kwamba hata msiba wamemnyima.

Asubuhi Hyacinth, mteja wake wa siku zote, akagonga mlango.

“We Mchina, leo hufungui? Au umeoa mke wa pili?”

“Eulalie amefariki, Hyacinth. Redio ilitangaza.”

Hyacinth akajishika kichwa. “Nilisikia. Nikasema, maskini, huyo Asau sijui ni wa wapi. Jamani, Bi Mchina wangu! Mazishi lini?”

“Leo saa kumi.”

“Ngoja nikawaambie watu. Niseme amefiwa nani?”

Wilfred aliyatazama mabenchi matupu. Hakutaka Eulalie azikwe bila watu.

“Sema Mchina,” akajibu.

Saa kumi makaburi yalijaa, wengine wamekuja na matope ya shambani miguuni. Walilia kwa dhati, wakampa mkono mmoja mmoja. “Pole, Mchina.” “Pole sana, Mchina.” Akawaitikia wote. Aliyekuwa akimwita Wilfred ndiye waliyekuwa wakimfukia.