Apollinarie Arudi Kwenye Kesi

Apollinarie wa Nyamianda, mjini Uvira, alijitoa kwenye kesi mwaka wa sitini na tatu, kwa hiari yake na kwa kidole gumba chake mwenyewe. Yeye na kaka yake Octave walikuwa wamemshitaki mfanyabiashara mmoja aliyelinyakua shamba la michikichi la marehemu baba yao, kule Kasenga. Lakini baba zake wadogo hawakupendezwa. Dada akisimama tribunalini, mbele ya hakimu, ubavuni mwa kaka yake, walisema, watu wataona huyo kaka bado ni mtoto. Basi akamwachia Octave kesi ili heshima yake isipungue. Heshima zetu hizi huwa ghali.

Mwaka uliofuata uasi ukaingia Uvira. Octave alitoka asubuhi kuelekea Kavimvira, kuwatafutia watu wa nyumbani njia ya kuvukia Burundi, na hakuonekana tena. Hakupatikana aliyemwona akikamatwa, wala aliyemzika. Miaka mitatu Apollinarie akiulizwa husema kaka yake yuko safarini. Hakulia, maana hakujua alie nini.

Mwaka wa sitini na saba kesi ikaitwa tena. Mshitaki asipotokea inafutwa, na shamba linabaki kwa mfanyabiashara. Apollinarie akajifunga kitenge chake cha kanisani, akaenda asubuhi kwa Anastase, karani wa tribunali.

"Jina yako ilitoka, mama," alisema Anastase, akimwonyesha alama ya kidole kwenye karatasi. "Ni weye mwenyewe ulitia kidole."

"Najua. Minye nataka kurudia."

"Mwenye kutoka harudie vile tu. Octave akiwa muzima, aje ye mwenyewe. Kama alikufa, utaingia pa nafasi yake, kwa sababu muko wa tumbo moja. Sasa uniambie. Iko muzima, ao alikufa?"

Apollinarie aliitazama kalamu. Alijisikia mtupu tu, kama chungu kilichokwisha kuoshwa na kufunikwa.

"Alikufa," alisema. "Andika."

Anastase akaandika. Akamwuliza tarehe, naye hakuwa nayo, basi ukawekwa mwaka peke yake. Kisha akamsogezea wino, na Apollinarie akatia kidole kwa mara ya pili. Alikuwa amerudi kwenye kesi, na hakuona furaha yoyote.

Alipotoka hakwenda nyumbani. Kwao mtu akifiwa na ndugu hunyoa nywele zote, na za kwake hazikuwa zimeguswa tangu Octave apotee. Akaenda kwa kinyozi wa Kasenga, akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye kiti cha wanaume. Kinyozi hakuhitaji kuelezwa, akaanza kunoa wembe.

"Pole, mama. Ni nani alikufa?"

"Kaka yangu."

"Alikufa siku gani?"

"Leo asubuhi," alijibu Apollinarie, akainamisha kichwa.