Matundu Matatu ya Sufuria

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kuna mzee mmoja wa Bunda ambaye nusura nimpige ngumi. Leo namshukuru kuliko ninavyowashukuru ndugu zangu wengi.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, pale Kitaji, Musoma. Miaka ile ofisi na shule zilikuwa zikitupa kompyuta za kichogo, na mimi sikukubali kitu kiende bure. Vibao vya ndani vimeunganishwa kwa risasi, si ya bunduki, ile laini ya kuchomelea. Niliipasha moto, nikaikung'uta, na ikishakuwa nyingi nikaiyeyusha kwenye sufuria na kuimimina katika vishimo vya mchanga. Ikipoa unapata chubwi, vile vipande vizito vya kuzamishia nyavu. Kaka yangu anavua kisiwani Rukuba, na kila alipokuja mjini aliondoka na mfuko wa chubwi, akaniachia sato. Nilijiona mjanja sana.

Kazi hiyo niliifanyia jikoni, kwa kuwa ndiko mkaa ulikokuwa umeshawaka. Sufuria ilikuwa ya mke wangu, zawadi ya harusi kutoka kwa mama yake wa Butiama. Nikimaliza niliisugua kwa majivu mpaka ing'ae, na jioni tukasongea ugali humo humo. Binti yetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, aliokota chubwi sakafuni na kuzing'ata. Tulicheka, tukasema meno yanamwasha.

Siku moja sikio la sufuria likalegea. Nilikuwa na safari ya Bunda kutengeneza kompyuta za shule, nikaibeba nimpelekee fundi bati, mzee wa Kiislamu mwenye kibanda karibu na soko. Aliigeuza, akakwangua kwa ukucha tone la kijivu lililoganda ndani.

"Hii risasi imetoka wapi?"

Nikamweleza, tena kwa majivuno.

"Na humu mnapikiaga?"

"Tunapikia, mzee. Inaoshwa vizuri."

Alichukua msumari na nyundo, akatoboa kitako cha sufuria mara tatu. Nikakunja ngumi. Nilimuuliza kama ana akili timamu, kwa sauti iliyowageuza watu shingo. Yeye akaniuliza kama nina mtoto.

"Zamani nilikuwaga natengeneza vibatari," akasema. "Mwanangu wa kwanza nilimpaga vipande vya risasi achezee, si vinang'aa. Akachelewa kuongea. Sasa ni mtu mzima ana ndevu, na kuhesabu hajui. Daktari ndiye aliniambia ile kitu inaingiaga kwenye damu, inakaa. Nenda nyumbani, baba."

Kompyuta za shule sikuzigusa. Njia nzima nilikumbuka tumbo la binti yangu lililokuwa likimsokota, na alivyokuwa akisukuma kijiko. Sijawahi kuogopa vile.

Hospitali walituma damu yake mbali ikapimwe, tukangoja majuma. Risasi ilikuwamo. Daktari akasema tumewahi: tuondoe kila kitu nyumbani, tumlishe vizuri, tumrudishe apimwe tena. Mke wangu hakunitukana. Alideki nyumba kona kwa kona, na heri angenitukana. Kaka yangu nilimwambia arudie kufunga mawe kwenye nyavu. Mama mkwe nilimfuata mwenyewe Butiama, nikamweleza habari ya sufuria yake nikiwa nimeinama, naye akauliza jambo moja tu, kama mtoto anakula.

Alikula. Kila tulipomrudisha kupimwa, risasi ilikuwa imepungua. Siku hizi vibao nachomelea nje ya nyumba, na vilivyokufa navifungia kwenye boksi, sivichomi wala sivikung'uti.

Mwaka huu binti yangu ameingia darasa la kwanza, nikampeleka Bunda. Sufuria ile niliyoiacha bado imetundikwa kibandani, mzee huwaonyesha wateja. Nilimwambia binti yangu amhesabie babu matundu. Akahesabu moja, mbili, tatu, akaona ni kazi ndogo mno, akahamia kwenye mabati yaliyoegemezwa ukutani, akaenda mpaka ishirini bila kukwama.

Mzee aliweka nyundo chini.

"Hesabu tena, mjukuu wangu," akasema.