Faundesheni Iliyotuponza

Nyumbani kwetu Voi, habari za chuo kikuu zilijadiliwa kwa lugha ya matairi. Babangu ana duka la matairi ya malori kando ya barabara kuu, na sijamwona akipima jambo lolote bila kulifananisha na mpira. Nilipofaulu mtihani wa kidato cha nne, mjomba wangu, kaka yake Mama anayeishi Leicester, alipiga simu kutushauri nikasomee Uingereza. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Shemeji, hiyo digrii ya huko itakwenda kilomita ngapi?"

Mjomba alicheka, lakini Baba hakuwa anafanya mzaha. Alitaka kujua nikimaliza nitaandikwa kazi na nani, kwa muda gani, na kama mshahara wenyewe utarudisha gharama au nitabaki na cheti cha kutundika ukutani. Mjomba akaeleza. Wauguzi wanatafutwa huko kwa udi na uvumba. Mwanafunzi akimaliza anapewa muda wa kubaki na kutafuta kazi. Kodi ya nyumba katika miji ya kaskazini si kali kama ya London. Karo ndiyo shida, kwa sababu mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji, tena zaidi sana.

Wakati huo nilikuwa tayari na nafasi yangu. Serikali ilinipanga kusomea uuguzi katika chuo kikuu cha umma Nairobi, kozi niliyoiweka ya kwanza kwa mkono wangu. Nilitaka kuwa muuguzi tangu nyanya yangu alipolazwa na nikamwona muuguzi mmoja akimgeuza kitandani bila kumwumiza. Sisi wengine wote nyumbani, kila tulipomgusa alilia. Nilikuwa darasa la saba, na tangu siku hiyo sikuwahi kutaka kitu kingine.

Kwa hiyo swali halikuwa nisomee nini. Swali lilikuwa nisomee wapi, na kwa nini tuliliuliza mpaka leo najiuliza. Nadhani ni reli. Tangu treni mpya ianze kubeba makontena, malori yalipungua barabarani, na Baba alianza kukaa mlangoni mwa duka akitazama lami. Alishuku kila kitu cha hapa nchini. Alisema kazi za hapa zimekuwa kama tairi kipara, zinakwenda leo, kesho hujui. Akawa anawauliza madereva wote waliosimama kujaza upepo kuhusu Uingereza. Aliyefika mbali kuliko wote alikuwa amefika Lubumbashi, na huyo ndiye aliyekuwa na maneno mengi zaidi kuhusu London.

Mimi nilipewa kazi ya kulinganisha vyuo. Nilikaa saiba, duka la intaneti karibu na soko, feni ikinipulizia vumbi jekundu, nikisoma karo za chuo hiki na kile, kodi ya vyumba, na idadi ya wahitimu waliopata kazi. Nakiri nilifurahia. Nilijiona mtu mkubwa. Mjomba alipenda chuo chenye jina, akisema waajiri hutazama jina. Nikamjibu kwamba mgonjwa hamuulizi muuguzi amesoma wapi, na kwamba chuo cha bei nafuu katika mji wa bei nafuu kitanipa leseni ile ile. Baba aliposikia hivyo aliwaambia watu dukani kwamba binti yake anajua kununua. Tukatuma maombi kupitia wakala mmoja wa Mombasa.

Jibu lilikuja siku ya kazi, mchana. Wakala alimpigia Baba dukani, na mimi nilikuwa nimempelekea chakula. "Mzee, hongera," nilisikia, maana Baba huweka simu kwa sauti ya juu ili asikie kupita kelele za barabarani. "Binti amepata faundesheni."

Baba aliweka kijiko chini. Hakuuliza lolote zaidi. Alisema alhamdulillahi, akamshukuru wakala, akakata simu, akafuta macho kwa ncha ya kikoi.

Msomaji wa kwingine hataelewa. Huku kwetu faundesheni ni kitu kimoja tu. Benki zina faundesheni, kampuni za simu zina faundesheni, na kazi ya faundesheni ni kumshika mkono mtoto mwerevu asiye na uwezo na kumlipia masomo. Mwaka uliotangulia, binti mmoja wa Makwasinyi, mtoto wa mkulima, alichukuliwa na faundesheni ya benki, na watu wakamsindikiza kwa nyimbo mpaka barabarani. Basi mtu akikwambia binti yako amepata faundesheni, amekwambia kuna mwingine atakayelipa. Na si Baba peke yake aliyeelewa hivyo. Mimi niliyepata A ya Kiingereza niliifungua barua pepe kwenye simu, nikaliona neno lenyewe limeandikwa pale, na macho yangu hayakuyaona maneno mengine yaliyolizunguka.

Ijumaa hiyo tukafanya dua ya shukrani. Baba alialika watu wa msikitini, wenye maduka, majirani zetu Wadawida, yaani Wataita, hata wateja wake wa Taveta waliokuja na mikungu ya ndizi kwenye pikapu. Mama na shangazi zangu walipika pilau ya kutosha mtaa. Baba, ambaye hata harusini hukaa nyuma, alisimama akasema kwamba mwanawe amechukuliwa na faundesheni ya Uingereza na kwamba hatalipa hata shilingi. Jirani yetu mmoja, mama mzee wa Kidawida, alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Wende mwanangu, na utukumbuke." Nilijisikia vizuri siku ile kiasi ambacho sijajisikia tena, na huo ndio ukweli.

Mjomba alipiga simu Jumapili kutoa hongera. Mama akamwambia ya faundesheni.

"Dada," Mjomba akasema, "faundesheni ni mwaka wa matayarisho. Ni kama ile fomu faivu yetu ya zamani. Mtoto wa Kenya haingii digrii moja kwa moja, anaanza na mwaka huo."

"Na nani anaulipia?"

"Nyinyi."

Hakukuwa na uongo wa mtu popote. Wakala alisema kweli, barua ilisema kweli. Maana ya neno tuliiweka sisi. Mwaka ule wa faundesheni haukuwa zawadi, ulikuwa mwaka mzima wa karo ulioongezwa juu ya ile karo iliyokuwa imeshatutisha.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa bado yanaweza kurekebishwa. Nafasi yangu ya Nairobi ilikuwepo, siku ya kuripoti haijafika. Ilikuwa ni kusema tu: tumekosea, mtoto anakwenda Nairobi. Lakini mtaa mzima ulikuwa umekula pilau, umeinua mikono na kuitikia amina. Baba alisalimiwa kwa jina jipya, Baba Ulaya, na kila aliposalimiwa hivyo aliinama kufunga kamba za viatu. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama. Nilijiambia kwamba neno la kurudi nyuma lazima litoke kwake, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu. Nikilitoa mimi, nitakuwa nimemvua nguo. Hivyo ndivyo nilivyolelewa: mtoto hamwambii babake kwamba amejiaibisha, hungoja babake amwambie la kufanya.

Mama aliniita jikoni. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua macho.

"Mwanangu, kama moyo wako uko Nairobi, sema. Nauli ninayo mimi."

"Na Baba?"

"Babako nitazungumza naye mimi."

"Hapana, Mama. Wacha. Akisema niende, nitakwenda."

Mama akaendelea kupepeta mchele wake. Ningemjibu neno jingine siku ile, maisha yangu yangekuwa mengine. Sitaki kulipamba jambo hili.

Siku zile Baba alikuwa anakuja nyumbani kila adhuhuri kula. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, nammiminia maji ya kunawa. Akishanawa anauliza, "Mambo ya Ulaya yanaendaje?" Nami nilisikia ndani ya swali hilo mzee anayetaka kusikia kwamba hajaaibika. Nikamjibu, "Yanaendelea, Baba." Naye anasema, "Haya, inshallah," tunakula. Siku zikapita hivyo, swali lile lile na jibu lile lile, mpaka siku ya kuripoti Nairobi ikapita nayo, na nafasi yangu ikapotea. Nilikuwa nafua nguo siku hiyo. Nilifua hata mapazia.

Tulijaribu kwenda Ulaya kweli, isije ikasemwa hatukujaribu. Ubalozi ulitaka kuona pesa zimetulia katika akaunti kwa muda, na Baba hakuwa nazo, akawaomba ndugu zake wamwekee zao, zionekane tu kisha wazichukue. Ni jambo linalofanywa na wengi. Mmoja wao, amu yangu, akafiwa na mkewe kabla muda haujaisha, akazihitaji zake kwa mazishi, na nani angemkatalia? Nikanyimwa visa. Wakala alipatikana kwenye simu mara moja, kisha hakupatikana tena. Mtaani hakuna aliyetucheka, na hilo liliuma zaidi. Jina la Baba Ulaya lilikufa lenyewe taratibu, mpaka siku moja nikagundua halitajwi tena.

Baadaye nilisoma diploma ya utunzaji wa kumbukumbu za hospitali, ndiyo tuliyoimudu, na sasa ninafanya kazi katika hospitali moja hapa Voi. Nakaa nyuma ya dirisha la vioo, nachukua majina ya wagonjwa na kuwaelekeza chumba cha kwenda. Ni kazi ya halali na sina ugomvi nayo. Lakini wauguzi wakipita na mikokoteni yao mimi hugeuza uso kama mtu anayetafuta kitu kwenye droo. Mgonjwa akilia wodini, mikono yangu hutaka kuinuka yenyewe.

Kuna msichana wa Werugha, huko juu milimani, niliyelala naye bweni moja shuleni. Yeye alipangwa chuo kile kile cha Nairobi, kozi ile ile, akaenda, kwa sababu kwao hakuna aliyefikiria kwingine. Alimaliza, akafanya kazi hospitali ya kaunti, kisha hospitali moja ya Uingereza ikamwajiri akiwa huku huku, ikamkatia na tiketi ya ndege. Njia ya kwenda Uingereza ilikuwa inapitia Nairobi, tena ilikuwa karibu bure. Kwenye majedwali yote niliyoyasoma pale saiba, hakuna jedwali lililokuwa na njia hiyo. Hunitumia sauti kwenye simu akilalamikia baridi, yeye aliyezaliwa ndani ya ukungu. Mimi humcheka, namuuliza kama amesahau baridi ya kwao milimani.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya mdogo wangu wa mwisho kuchagua vyuo. Alikaa barazani na simu yake, Baba akiwa kwenye mkeka kando yake, mimi nakuna nazi. Baba amezeeka. Duka linaendeshwa na kaka yangu, yeye huenda kukaa tu. Alikuwa anamwuliza kijana kuhusu kozi za Nairobi na za Mombasa, halafu akanigeukia, mchangamfu tu, kama mtu anayekumbuka safari ya zamani.

"Huyu simwachi achague peke yake," akasema. "Wewe nilikuacha ufuate moyo wako."

"Moyo wangu vipi, Baba?"

"Ile Ulaya. Mimi nilikuwa nimeshakata shauri uende Nairobi. Nilishazungumza na dereva mmoja akubebee sanduku na godoro, namdai hisani hiyo mpaka leo. Watu ningewaambia tu, watu husahau. Lakini kila nikikuuliza, waniambia yanaendelea. Nikasema, mtoto ameipenda, nisimvunje."

Mkono wangu ulisimama juu ya mbuzi ya kukunia. Nilikuwa na maneno ya miaka mingi, yote yakanijia pamoja, na hata moja halikuwa la kumwambia mzee aliyekaa mkekani kwa amani.

"Uliitaka sana, sivyo?" akauliza.

"Ndiyo, Baba," nikamwambia. "Niliitaka sana."

Akaitikia kwa kichwa, akasema alijua, akamgeukia mdogo wangu wakaendelea kuchagua.