Mvule wa Bibi Koku Ulivyounguzwa

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa ndevu zangu bado zinahesabika, siku ya mvule wa Bibi Koku siisahau. Nikiikumbuka, damu inanichemka.

Nilikuwa najifunza useremala mtaani Bilele. Bibi Koku akaja kutoka kijijini Ngenge na ubao mmoja mnene, wa mti alioupanda marehemu mumewe kwenye kibanja chao. Alitaka meza ya misa ya jumuiya. Ubao mwingine hakuwa nao.

Fundi wangu akawasha ruta, ile mashine ya kuchonga mifereji, akaikandamiza mpaka chini kwa mkupuo mmoja. Moshi ukafuka.

"Fundi, kisu kinaungua!"

"Unaogopa moshi? Kwenu hamkaangi kahawa?"

Akacheka. Kisha, waitu, jamani, akakichomoa kile kisu cha moto akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kama mhunzi anavyopoza panga. Chwii! Kisu cha ruta ni panga? Meno yake ni magumu, lakini ukiyashtua kwa maji yanapasuka. Alipokirudisha kazini jino likaruka, ubao ukachimbika, na ukingo mzima ukawa mweusi.

Bibi aliporudi, fundi akamwambia bila haya, "Mti wako mkaidi, Bibi." Mbaazi ukikosa maua husingizia jua!

Bibi akapapasa pale palipoungua. "Mume wangu aliungoja mti huu ukue mpaka akazeeka. Wewe umeshindwa kungoja kisu kipoe?"

Fundi akaanza kufagia unga wa mbao.

"Kata palipoharibika," Bibi akasema. "Meza ikiwa fupi, Padri atabana viwiko."

Alitabasamu yeye. Mimi nilikwenda nyuma ya karakana kufuta macho.

Sasa sikia. Ubao mnene haumezwi kwa tonge moja. Chonga juu juu, rudia, teremka kidogo tena. Haba na haba hujaza kibaba. Usiiache ruta izungukie mahali pamoja, isogeze, na unga wa mbao utoe usijazane mferejini. Kisu kikiwa kipana, punguza kasi ya mashine. Utomvu ukigandia, safisha. Kikiwa butu, kinoe au badili, maana kisu butu hakikati, kinasugua, na kusugua ndiko kunakoleta moto. Kikipata joto, zima mashine, kipoe chenyewe kwa hewa. Maji hapana! Na ukiharibu, jamani, sema umeharibu. Usimsingizie marehemu mti wake.

Mungu akujalie mkono mtulivu, mwanangu, na kila atakayekuletea ubao wake wa pekee aondoke na meza aliyoiota.