Mvinyo Uliotikiswa Kila Jumatatu

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mitano nimekunywa maji ya uvuguvugu nyumbani kwangu mwenyewe, friji likiwa hatua tatu tu kutoka ninapokaa kushona. Friji lote, nasema lote, lilikuwa la chupa moja ya mvinyo mwekundu.

Lawama zote ni za mke wangu. Ni muuguzi mstaafu, na kazi yake ilikuwa kutunza chanjo za watoto katika zahanati. Miaka thelathini na moja, asubuhi na jioni, anasoma kipimajoto, anaandika kwenye chati. Kati ya nyuzi mbili na nane, basi. Nje ya hapo ni msiba. Hajawahi kuharibu hata dozi moja, na hilo atakuambia kabla hujamuuliza hali. Zahanati nzima walimwita Mama Kipimajoto, naye akaitika bila kinyongo.

Ile chupa aliachiwa na mkwe wetu, mhudumu wa mezani hotelini. Wenzake kazini walimpa siku ya harusi yake na binti yetu, nao wawili wakapanga kuifungua ndoa ikitimiza miaka mitano. Chumba walichopanga kilikuwa cha moto kama tanuri, ndipo binti akasema apewe mama, kwa mama hakiharibiki kitu. Mkwe akaikabidhi kwa mikono miwili, akaomba iwekwe pa baridi kiasi.

Sasa, kwa mke wangu hakuna baridi kiasi. Baridi ni mbili mpaka nane. Akatoa nyama yangu, akatoa maji yangu, akasema mlango ukifunguliwafunguliwa joto linaingia. Akabandika chati. Umeme ukikatika, aliihamishia kwenye kikasha chake cha zamani cha kubebea chanjo, barafu pembeni, akakaa nacho mapajani anakibembeleza. Na kila Jumatatu aliitoa, akaitikisa kwa nguvu, akaiinua dirishani. Ndivyo wanavyoijua chanjo iliyoganda: ukiitikisa, mashapo yake hushuka upesi. Nilidhani mvinyo nao hutunzwa hivyo. Ningejuaje? Mimi najua vifungo.

Mkwe hakuona lolote kati ya hayo. Mkwe gani atakwenda kufungua friji la mama mkwe wake?

Miaka mitano ikatimia. Wakaja Jumapili mchana, binti amevaa gauni nililomshonea mwenyewe, tukala tukashiba. Mke wangu akaenda kuileta chupa, na hapo mdomo wangu ukaniponza. Nilitaka kumsifia tu, jamani. Nikamsimulia mkwe habari za chati, za umeme, na za kutikisa kila Jumatatu. Kijana akaweka kijiko chini taratibu, macho yamemtoka pima. Alipoona nimemwona, akajifanya anakohoa.

Kumbe mke wangu amesimama mlangoni na chupa yake. Amesoma nyuso za watu kwenye benchi la zahanati miaka yote hiyo; huyo humfichi kitu. Akamtaka aseme. Mkwe akazunguka weee, mara mama usijali, mara mama haina neno, mpaka binti yetu akamkanyaga chini ya meza. Ndipo akasema kwa sauti ya chini kwamba mvinyo mwekundu hulazwa gizani, nyuzi kumi na mbili, kumi na nne hivi, na hautikiswi. Huachwa utulie.

Nimeishi na mwanamke huyu tangu ujana, na sijawahi kumwona amenywea namna ile. Alikaa kitini, chupa kifuani. Watoto wake walimwamini kwa kitu kimoja tu, na pengine amekiharibu kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa bidii. Niliulaani ulimi wangu.

"Fungua," akamwambia mkwe. "Kama nimeuharibu, niambie ukweli. Usinionee haya."

Mkwe akafungua, akamimina polepole ili mashapo yabaki chini, akaonja, akafumba macho. Sisi roho juu.

"Haujaharibika, mama," akasema. "Umepoa kupita kiasi tu, ladha imejificha. Tuupe nusu saa."

Nusu saa ile tuliimaliza tumekumbatia glasi kwa viganja, tunazipasha moto, watu wazima wazima. Mke wangu hakushika glasi. Alizunguka meza na kipimajoto, akimtangazia kila mtu nyuzi zake. Yangu ilikuwa kumi na moja, nikaambiwa niongeze juhudi.

Ilipofika kumi na sita, ambazo ndizo nyuzi za kunywea, mkwe akatoa ruhusa. Mimi si mtu wa kueleza mvinyo. Nitasema tu kwamba binti alikunywa funda moja akaanza kucheka mwenyewe, na mkwe akamshika mkono mbele yetu bila kuona aibu, nami nikasamehe maji yote ya uvuguvugu.

Nikamsogezea mke wangu glasi yake. Akaisukuma pembeni. Alikuwa ameegemea kiti, anatutazama mmoja mmoja.

"Niacheni kwanza niwaangalie," akasema. "Miaka thelathini na moja, kila nilichokitunza, siku ya kutolewa mtoto wa watu alichomwa sindano akalia. Sijawahi kuona mtu anapewa kitu changu akacheka."

Niliinama chini ya meza, nikasema natafuta kizibo. Kizibo kilikuwa juu ya meza, mbele ya kila mtu. Ni machozi tu yalikuwa yananitoka.