Siku Tuliyochora Kijiji kwa Majivu

Nilipoolewa, mama mkwe alinipa kipande cha shamba chini kabisa bondeni, kandokando ya chemchemi. "Hapa karoti hazitakuangusha," aliniambia. Mume wangu alikuwa ameshuka Tanga kutafuta kazi, maana shamba la chai alikofanya kibarua lilikuwa limepunguza watu. Nyumbani tukabaki wanawake wawili na lile shamba la bondeni.

Biashara ya mboga ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu. Malori ya Dar es Salaam yalikuja hadi Soni kufuata mboga, na kila mwenye jembe akashuka bondeni kulima. Miti iliyozunguka chemchemi ikakatwa mmoja baada ya mwingine. Mimi mwenyewe nilikata miwili ili nipate nafasi ya matuta.

Kisha mvua zikageuka. Vuli ikawa inachelewa, mwaka mwingine haiji kabisa, na masika yakija yanakuja kwa hasira. Mwaka mmoja mteremko uliokuwa juu yetu uliporomoka, ukafukia kabichi za jirani na kuacha korongo jekundu. Kiangazi kilichofuata, chemchemi ilitoa maji kidogo sana hata tukawa tunapanga foleni ya ndoo tangu alfajiri.

Hapo ndipo serikali ya kijiji ilipoitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, tupange upya matumizi ya ardhi yetu. Kutoka wilayani alikuja afisa ardhi, kijana mwembamba. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akatandaza ramani mezani. Mama mkwe akaiinamia.

"Korongo liko wapi?" akauliza.

"Korongo gani, mama?"

Watu wakaangua kicheko. Yule kijana hakuudhika. Aliikunja ramani yake, akaomba majivu jikoni kwa walimu, akasema, "Basi nichoreeni ninyi, hapa chini."

Wanaume walichora barabara, msikiti na mto. Mto wakauchora mrefu, umejaa. Sisi wanawake tukaufuta nusu nzima kwa nyayo. "Kiangazi maji yanaishia hapa," tukawaambia. "Wateka maji ni sisi." Penye nyumba tukaweka mawe, penye miti majani, penye mashamba magunzi ya mahindi. Tulipomaliza, magunzi yalikuwa yamerundikana pembeni mwa chemchemi, na jani hapo halikuwepo hata moja.

"Mvua za zamani tusizitegemee," alisema afisa. "Sasa amueni. Maji yakae wapi, na ninyi mlime wapi?"

Mimi nililitazama gunzi letu, lililokuwa karibu na maji kuliko yote, nikaomba mtu asilitaje.

Mama mkwe akajikongoja hadi katikati, akaliokota. "La kwetu litoke kwanza," alisema.

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Njiani nikashindwa kujizuia.

"Mama, mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Ndiyo maana sikukuuliza." Akatembea kidogo, kisha akaongeza, "Na sasa nimeshatoka mimi, yule jirani atabaki kwa uso gani?"

Yeye na jirani huyo walikuwa wamegombania mpaka wa mashamba yao kwa miaka mingi. Kweli, wiki haikuisha, jirani akang'oa kabichi zake huku akinung'unika, na wengine wakamfuata.

Kijiji kilitupa ardhi juu, karibu na mgongo wa mlima. Masharti yalikuwa kuchimba ngazi za kulimia zinazokata mteremko na kupanda majani ya ng'ombe kingoni. Palipo wima zaidi pangebaki miti, na korongo lisiguswe. Msimu wa kwanza karoti zangu zilitoka nyembamba kama vidole. Nililia palepale shambani. Mama mkwe hakunibembeleza wala hakuniomba radhi, ila kila asubuhi alipanda kilima na magoti yake mabovu, tukachimba pamoja. Yale majani tukamlisha ng'ombe, samadi tukairudisha kwenye ngazi. Mwaka wa pili nikabadilisha, nikapanda viazi na maharage. Vikakubali.

Kisha yakaja masika makubwa. Mvua ilipokatika nilipanda mlimani mbio. Ngazi mbili zilikuwa zimebomoka. Nyingine zote zilisimama, na korongo halikuwa limepanuka hata hatua moja. Kule bondeni miche ya miti tuliyopanda kuzunguka chemchemi ilikuwa imeshika, nyasi zimefunika udongo. Kiangazi cha mwaka ule foleni ya ndoo ilikwisha: ukitega yako, inajaa kabla hujamaliza kusalimiana na mwenzako.

Wakati wa mavuno watu wa kijiji cha ng'ambo walikuja kututazama. Mama mkwe aliwapokea kwenye ngazi ya kwanza, akaanza kuwaeleza jinsi alivyopanga kijiji. Nilimwachia aendelee. Mimi nilikuwa na viazi vya kuchimba.